Matende: Kutoka Bandari ya Amoy hadi Vyoo vya Makunduchi

Damu ya mtu mwenye minyoo ya matende ina mambo mawili: ya mchana na ya usiku. Mchome kidole saa sita mchana, itandaze damu yake juu ya kioo, itazame kwa hadubini, na huenda usione kitu. Mchome kidole kile kile saa sita usiku, na tone moja litakuonyesha vijiminyoo vikijinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Ndiyo maana waliouchunguza ugonjwa huu katika mwambao wetu wamekuwa watu wa usiku. Hufika kijijini baada ya isha, wakabisha hodi nyumba hadi nyumba, wakawaomba watu waliokwisha kujinyoosha kitandani watoe kidole.

Historia ya ugonjwa huu imesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara imekuwa historia ya mnyoo, ya mbu na ya vidonge. Nitaisimulia hivyo nami kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ni hadithi yenye uzito. Lakini mguu wenyewe, mguu wa yule mama aliyekaa barazani na kanga yake ameivuta hadi chini ili usionekane, ulisubiri zaidi ya miaka mia moja kabla ya sayansi kuugeukia. Jambo hilo sitaki lipotee humu ndani.

Watu wa pwani waliujua ugonjwa huu kabla ya daktari yeyote kuupa jina la Kilatini. Ukivimba mguu ni matende. Zikijaa maji korodani ni mabusha. Mwingereza Richard Burton alipofika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, akijiandaa na safari yake ya bara kutafuta maziwa makuu, aliandika juu ya maradhi ya mji ule, na haya mawili aliyataja kama mambo ya kawaida yanayowapata watu wengi. Chanzo ndicho kilichokuwa giza. Wengine walisema mabusha huletwa na kunywa madafu, na kauli hiyo utaisikia hadi leo. Juu ya mguu walisema mtu amekanyaga kitu alichotegewa njiani, naye alianza kuhesabu majirani aliogombana nao. Tusiwacheke. Mbu anayekuuma leo hakuachii dalili yoyote, na mguu unaweza kuvimba miaka kumi au ishirini baadaye. Nani angeziunga ncha mbili zilizo mbali hivyo?

Aliyeanza kuziunga hakuwa Afrika. Patrick Manson alikuwa daktari kijana kutoka Scotland, akiitumikia idara ya forodha ya China, kwanza kisiwani Formosa na tangu 1871 katika bandari ya Amoy. Wagonjwa wenye miguu na mabusha yaliyovimba walimjia wengi, naye aliwapasua kila siku asijue anachopambana nacho. Wakati huo vipande vya fumbo vilikuwa vimetapakaa duniani. Jean-Nicolas Demarquay alikuwa ameviona vijiminyoo mjini Paris mwaka 1863, ndani ya maji ya busha la mtu aliyetoka Cuba. Otto Wucherer aliviona katika mkojo huko Bahia, Brazil, mwaka 1866. Timothy Lewis akavikuta katika damu huko Calcutta mwaka 1872. Kisha Joseph Bancroft, mjini Brisbane, Australia, mwaka 1876 akampata mnyoo mzima. Majina ya Wucherer na Bancroft ndiyo yaliyounganishwa kuupa mnyoo huo jina la kitaalamu, Wuchereria bancrofti.

Manson alirudi kwao kwa likizo mwaka 1875, akasoma habari za Lewis, akarudi Amoy na hadubini na swali moja: ikiwa hawa walio katika damu ni watoto, wanatokaje mwilini ili wakakue? Minyoo ya tumbo ina njia yake ya kutokea. Mnyoo wa damu hana mlango. Lazima afunguliwe na kitu kingine, na kitu hicho kiwe kinanyonya damu, na kiwe kinapatikana pale penye ugonjwa. Akawafikiria mbu.

Mwaka 1877 alimwomba mtunza bustani wake, Hin Lo, ambaye damu yake ilikuwa na vijiminyoo, alale ndani ya kibanda na kuwaachia mbu wamuume. Asubuhi mbu walioshiba walikusanywa ukutani. Manson akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini, siku baada ya siku, akaona kilichompa sifa ya maisha: vijiminyoo havikufa tumboni mwa mbu. Vilivua ganda lake, vikapenya hadi kwenye misuli ya kifua, vikanenepa, vikakua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba mdudu anayenyonya damu hulea kimelea cha ugonjwa wa binadamu. Habari hizo zilisomwa mbele ya jumuiya ya Linnean jijini London mwezi Machi 1878, na wengi waliosikia hawakuamini.

Jina la Hin Lo limebaki katika vitabu kwa sababu ya usiku mmoja wa kuumwa na mbu. Hatujaambiwa mengi zaidi juu yake, na naona ni haki jina lake litajwe kila linapotajwa la Manson.

Siri ya usiku nayo ilifumbuliwa Amoy. Manson alikuwa na wasaidizi wawili wa kutazama damu, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na yule wa usiku akawa anapata vijiminyoo vingi kuliko mwenzake. Angeweza kudhani mmoja ni mvivu. Badala yake akapima damu ya watu wale wale saa baada ya saa, akaona vijiminyoo vikipanda jioni, vikijaa karibu na usiku wa manane, vikitoweka alfajiri. Mchana hujificha katika mishipa midogo ya mapafu. Hutoka kwenda juu ya ngozi saa zile zile ambazo mbu wa nyumbani hutoka kuuma.

Lakini Manson alikosea mahali pazito. Aliamini kwamba mbu hunyonya damu mara moja tu, akataga, akafa majini, na kwamba watu humeza minyoo kwa kunywa maji hayo. Kosa hilo lilidumu miaka ishirini na zaidi. Hatimaye Thomas Bancroft, mwana wa Joseph, alitunza mbu wake wakaishi muda mrefu zaidi, akawatuma London wakiwa wamehifadhiwa, na mwaka 1900 George Carmichael Low akawakata vipande vyembamba akaona minyoo imejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kutoka. Kufikia hapo Manson alikuwa amekwisha kumsukuma Ronald Ross kutafuta malaria ndani ya mbu, na Ross alikuwa amefaulu India mwaka 1897. Watu wengi wanaijua habari ya malaria. Wachache wanajua kwamba ilizaliwa na matende.

Sasa mzunguko wote unajulikana. Mbu akinyonya damu usiku hubeba vijiminyoo, navyo huchukua siku kumi hadi kumi na nne kukomaa. Mbu huyo akimuuma mtu mwingine, minyoo hushuka juu ya ngozi na kuingia kwenye kitundu cha jeraha. Huenda hadi kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, hasa ya miguu na ya sehemu za siri. Huko jike hufikia sentimita nane hadi kumi, mwembamba kama uzi, na huishi miaka sita hadi minane akizaa mamilioni. Mishipa hutanuka na kulegea, maji hayarudi. Si rahisi kuambukizwa kwa mbu mmoja au wawili. Hutakiwa kuumwa mara nyingi mno, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo matende ni ugonjwa wa mahali unapoishi na jinsi unavyolala. Vijijini mwa pwani hubebwa na anofelesi, mbu yule yule wa malaria. Mijini, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Mji wa Zanzibar, hubebwa na kulesi, mbu wa maji machafu, anayezaliana katika vyoo vya shimo na makaro.

Tanganyika ilianza kupimwa vizuri mwishoni mwa miaka ya 1930. Aliyezunguka ni daktari Mwingereza, Frank Hawking, ambaye mwaka 1940 alichapisha taarifa ya jinsi minyoo hii ilivyoenea nchini. Vita vya Pili vilipoanza alikuwa huku Afrika ya Mashariki, akakata bara kutafuta meli ya kurudi kwao ajiandikishe jeshini, akaambiwa kazi yake ya utafiti ina faida kubwa zaidi. Mwanawe Stephen, aliyezaliwa mwaka 1942, ndiye yule mwanafizikia mashuhuri. Frank mwenyewe aliendelea na minyoo ya jamii hii karibu maisha yake yote, na swali la kwa nini vijiminyoo hutoka usiku halikumwacha.

Dawa ya kwanza ya maana ilikuja mwaka 1947 kutoka Marekani: diethylcarbamazine, iliyojulikana sana kwa jina la biashara, Hetrazan. Iliua vijiminyoo vya damu haraka, na kuwapunguza wazazi wao kiasi. Shida yake ni kwamba minyoo inapokufa kwa wingi mwili huwaka homa, kichwa na viungo vikauma, na mtu aliyekuwa mzima asubuhi hujiona mgonjwa jioni kwa sababu ya kidonge. Wengi walikimbia. Tena palipo na usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni, dawa hii ni ya hatari kwa macho. Kenya ilikwisha kuung'oa usubi kwa kuua inzi wake mitoni, hivyo baadaye iliweza kuitumia. Tanzania, yenye usubi katika sehemu zake kadhaa, ilibidi itafute njia nyingine.

Kabla ya njia hiyo kupatikana, kuna jambo lilifanyika kusini mwa Unguja ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika historia hii. Makunduchi ni mji wa matumbawe. Maji ya chini yako karibu, vyoo vya shimo hujaa maji, na kulesi hawakuhitaji zaidi ya hapo. Karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijiminyoo. Mwaka 1988 watafiti wa Zanzibar wakishirikiana na Chris Curtis na Caroline Maxwell wa London waliwapa watu Hetrazan, kisha wakavigeukia vyoo. Hawakupuliza sumu, kwani kulesi walikuwa wameanza kuizoea. Walileta punje za polistirini, ile takataka nyeupe nyepesi inayojaza maboksi ya redio. Punje hizo huja zikiwa ndogo na ngumu. Ukizichemsha hufura mara nyingi ya ukubwa wake. Zikachemshwa kijijini, zikamwagwa chooni, zikaelea juu ya maji kama sentimita mbili. Mbu jike akishuka hafiki majini kutaga. Viluwiluwi vikipanda kupumua hukuta dari. Punje hazina sumu, haziozi, na choo kikitumika zinafunguka na kujifunga tena.

Hesabu ya kuumwa na mbu, iliyokuwa maelfu kwa maelfu kwa mtu mmoja kwa mwaka, ikashuka hadi mamia. Katika kijiji cha Moga, walikogawa dawa peke yake bila kugusa vyoo, minyoo ilipungua kisha ikaanza kurudi. Makunduchi haikurudi hivyo. Iliendelea kushuka hata baada ya dawa kusimama, kwa sababu hapakuwa na mbu wa kutosha kuibeba. Watu waliona tofauti wenyewe kitandani, maana walilala.

Njia ya Makunduchi haikusambazwa nchi nzima. Dunia ilichagua vidonge, na kuna sababu nzuri. Dawa ya ivermectin, iliyotokana na bakteria wa udongo aliyepatikana Japan na Satoshi Omura na kuendelezwa na William Campbell katika kampuni ya Merck, ilikwisha kutolewa bure kwa usubi tangu 1987. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaamua matende yatokomezwe. Mwaka uliofuata Merck ikakubali kutoa ivermectin kwa matende pia palipo na usubi, na kampuni ya SmithKline Beecham ikaahidi albendazole bure. Wakati huo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria watu milioni 120 wameambukizwa, na milioni 40 kati yao wameshaharibika viungo: milioni 25 ni wanaume wenye mabusha, milioni 15 ni watu wenye miguu iliyovimba, wengi wao wanawake.

Tanzania Bara ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Mpango uliongozwa na Mwele Malecela, mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu aliyeufahamu ugonjwa huu kutokana na kazi yake mkoani Tanga. Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi hiyo, kisha mwaka 2018 akaenda Geneva kusimamia idara ya WHO ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, hadi alipofariki Februari 2022. Kenya ilianza Kilifi mwaka 2002, lakini fedha zilikatika mara kwa mara na miaka kadhaa ikapita bila dawa. Kingatiba, yaani kuwagawia watu wote dawa ya kinga, ilikuwa kazi ya majirani: mgawa dawa aliyechaguliwa na kijiji, daftari lake, maji ya kunywea, na kijiti cha kukupima urefu, kwa kuwa kimo ndicho kinachoamua unameza vidonge vingapi.

Zanzibar ilikwenda kwa kasi kuliko wote. Kuanzia 2001, Unguja na Pemba zilimeza dawa kila mwaka, watu karibu milioni moja, wengi mno wakishiriki. Baada ya raundi sita, mwaka 2006, vijiminyoo havikuonekana katika vituo vya kupimia. Visiwa vikasifiwa duniani, vikasimamisha dawa. Kisha vipimo vya miaka iliyofuata vikaonyesha watoto waliozaliwa karibuni wenye alama za minyoo katika damu. Maambukizi hayakuwa yamekatika. Yalikuwa yamejificha kwa wachache ambao vituo havikuwapima, na vyoo vilikuwa bado vimejaa mbu. Mwaka 2013 ugawaji ukaanza upya. Ninaposoma habari hiyo nawakumbuka watu wa Makunduchi na punje zao, na siwezi kujizuia kuuliza ingekuwaje kama dawa na choo vingekwenda pamoja visiwani kote.

Na mguu je?

Kidonge kinamkinga mtoto asipate matende. Mguu uliokwisha kuvimba hakiushushi. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyefika hospitali akiwa na mguu mzito aliambiwa hakuna la kufanya, akarudi kwa mganga, au akakaa ndani. Jibu lilikuja miaka ya 1990 kutoka Recife, Brazil, kwa daktari Gerusa Dreyer na wenzake, ambao waliwasikiliza wagonjwa kwa makini. Wagonjwa wote walilalamikia kitu kimoja: vipindi vya homa, mitoki inavimba, mguu unawaka moto na kuwa mwekundu, mtu analala siku kadhaa, na akiamka mguu umeongezeka. Dreyer akaonyesha kwamba vipindi hivyo haviletwi na mnyoo. Vinaletwa na bakteria wa kawaida wanaoingia kwenye nyufa na fangasi katikati ya vidole. Mnyoo hulegeza mishipa. Bakteria ndio wanaoukuza mguu hadi kutisha. Na bakteria dawa yao ni sabuni na maji safi kila siku, kukausha kwa kitambaa kila kikunjo na kila katikati ya vidole, kupaka dawa ya fangasi, kuinua mguu wakati wa kukaa na kulala, kuchezesha kifundo, na kuvaa kiatu kisichobana. Mguu hunywea kiasi, harufu huisha, homa huwa nadra, na mtu hurudi shambani na sokoni.

Beseni, sabuni na kitambaa vilikuwapo siku Manson anapasua mbu wake. Miaka zaidi ya mia moja ya watu kufichwa vyumbani ilipita kwa sababu aliyetazamwa alikuwa mnyoo. Jambo hili linaniuma.

Pwani yetu nayo ilichangia katika hatua hii. Katika kijiji cha Kimang'a wilayani Pangani, wanaume walijitolea kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet. Ndani ya mnyoo wa matende wanaishi bakteria wanaoitwa Wolbachia, na bila wao mnyoo hawezi kuzaa wala kuishi. Baadhi ya wanaume hao walikunywa doxycycline, antibiotiki inayopatikana madukani, kwa wiki nane, na kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha viota vya minyoo mikubwa vikitoweka. Wiki nane ni nyingi mno kwa kugawia nchi nzima, lakini kwa mara ya kwanza mnyoo mzazi aliuawa vizuri kwa kidonge.

Kwa mabusha, upasuaji ndio tiba, nao ni mdogo: ganzi, muda usiozidi saa moja hivi, na kidonda kinachopona. Kambi za upasuaji wa bure zilipofunguliwa Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, wanaume waliokaa na aibu miaka na miaka walijitokeza, wengine wakiwa wamejificha hata kwa watoto wao. Baadhi walikuja baada ya kumwona jirani aliyepasuliwa akipanda baiskeli.

China, alikolala Hin Lo, ilithibitishwa kuyatokomeza matende mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya kuchanganya dawa katika chumvi ya kupikia. Togo ilifika mwaka 2017, Malawi 2020, na Brazil ya Dreyer mwaka 2024. Wilaya nyingi za Tanzania zimeshaacha kugawa dawa kwa sababu vipimo vimeruhusu. Zilizobaki ni chache, nyingi za pwani. WHO haitoi uthibitisho kwa hesabu ya damu peke yake. Tanzania itakapopeleka faili lake Geneva itatakiwa kuonyesha pia wagonjwa wangapi wa matende na mabusha wapo katika kila wilaya, na ni zahanati ipi, yenye mhudumu aliyefundishwa kuosha mguu, inayowapokea.